METHALI MBILI NA MDOGO WANGU

Leo nataka tuzungumze juu ya methali mbili ambazo sisi wanachama wa chama cha Kiswahili tumezikariri tangu shule ya msingi. Ya kwanza yasema, "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo." Ya pili yasema, "Mtoto wa nyoka ni nyoka." Zikitajwa katika mdahalo sisi hucheka, kwa maana zinapingana kama paka na panya, na kila upande hujichukulia ile inayowafaa. Lakini methali hizi zikielekezwa kwa mtoto aliye nyumbani kwenu, hazichekeshi hata kidogo. Ya kwanza humlaumu mama kwa malezi, ya pili humlaumu baba kwa ukoo. Kwetu zilitumika zote mbili, tena kwa siku moja, juu ya mdogo wangu.

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya kutwa. Wenzetu wa mabweni hutuambia ati tuna raha ya kula kwa mama. Haya, raha ipo. Lakini sisi wa kutwa ndio tunaojua yanayotendeka nyumbani kila jioni, kwa sababu tunafanya kazi ya ziada mezani pamoja na wadogo wetu, taa ni moja na kelele ni moja. Kwa hiyo ninayoandika hapa sikuyasikia kwa jirani.

Tunaishi viungani mwa mji wa Runyenjes, Kaunti ya Embu. Mama ni mzaliwa wa Kyeni, hapa hapa karibu. Baba alitoka Igembe, kule Meru kwenye miraa, akaja kutafuta kazi na sasa ni fundi wa pikipiki. Mdogo wangu ana miaka tisa na yuko gredi ya nne. Ukimtuma dukani alete chumvi na kiberiti, atakuletea kiberiti bila chumvi, au atarudi bila vyote lakini ameandamana na mbwa wa wenyewe. Muhula mmoja alipoteza sweta tatu. Mwalimu akianza kuuliza swali yeye ashajibu kabla swali halijaisha, na jibu mara nyingi ni la swali lingine. Akiketi kula, miguu inacheza. Akiandika, sentensi inaanza vizuri na kuishia katikati, kana kwamba aliyekuwa akiiandika ameitwa nje. La ajabu ni kwamba mtoto huyo huyo akipewa redio mbovu na bisibisi, ataketi saa nzima bila kuinua kichwa.

Basi maneno yakaanza. "Huyu mtoto ako na nini?" majirani waliuliza. Shangazi yetu mmoja alipotutembelea alisema kwamba mama amemdekeza, na kwamba mtoto hulelewa kwa kiboko. Jioni hiyo hiyo jamaa mmoja wa upande wa mama akasema ati ni damu ya watu wa Igembe, hawatulii. Wengine walisema aombewe. Shuleni nako alikuwa akichapwa karibu kila wiki, ingawa adhabu ya viboko ilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka wa 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikarudia katazo hilo kwa maandishi yasiyo na utata. Mwisho mama aliitwa na kuambiwa kwa upole kwamba huenda mtoto angefaa zaidi shule nyingine. Shule gani, hakuambiwa. Mama alirudi nyumbani akaingia jikoni, na usiku huo hatukumsikia akiimba kama kawaida yake.

Nashukuru kwamba kuna mwalimu mmoja mstaafu wa kanisani kwetu aliyemwambia mama habari za vituo vya tathmini ya elimu. Kumbe vituo hivi vilianzishwa nchini Kenya tangu mwaka wa 1984, kwa msaada wa Denmaki, ili mtoto mwenye shida ya kusoma, kusikia, kuona au kutulia apimwe na wazazi waelekezwe. Miaka miwili baadaye, 1986, ikaanzishwa Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya kule Kasarani, Nairobi, ambako walimu wa kazi hiyo hufunzwa. Mambo haya yamekuwapo miaka yote hii na sisi hatukuyajua. Kutoka kituoni tuliandikiwa barua ya kwenda kumwona daktari hospitalini. Kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa, nami nilienda.

Nilidhani daktari atampiga picha ya kichwa na kutuambia jibu. La hasha! Daktari alianza kwa maswali. Kwanza alihakikisha kwamba masikio yanasikia na macho yanaona, kwa maana mtoto asiyesikia vizuri huonekana mtundu. Akauliza kama analala vizuri, kama amewahi kuanguka kifafa, kama aliwahi kulazwa kwa malaria kali, kama alizaliwa kabla ya wakati wake. Akataka damu ipimwe. Kisha akawapa wazazi fomu ya maswali, na nyingine akampelekea mwalimu wa darasa. Alitueleza kwamba hali hii kwa kifupi cha Kiingereza huitwa ADHD, yaani upungufu wa umakini pamoja na utukutu uliopita kiasi. Kulingana na mwongozo wanaoutumia madaktari wengi tangu mwaka wa 2013, orodha ina dalili tisa za kukosa umakini na tisa za utukutu na pupa. Mtoto sharti awe na angalau sita za kundi moja au la pili, zidumu kwa miezi sita au zaidi, ziwe zilianza kabla ya umri wa miaka 12, na zionekane mahali zaidi ya pamoja, mathalani nyumbani na shuleni pia. Zaidi ya hayo, ziwe zinamharibia maisha. Mtoto anayeruka ruka siku moja kwa sababu kuna harusi si mgonjwa, ni mtoto.

Halafu daktari akauliza swali ambalo sitalisahau. "Katika ukoo, kuna mtu mwingine aliyekuwa hivi utotoni?"

Mama alinyamaza. Nilijua anaogopa kujibu, kwa maana swali lilifanana sana na yale maneno ya damu ya Igembe. Baba alikuwa akichezea funguo za pikipiki mkononi tangu tuingie. Zikaacha kulia.

"Mimi," baba akasema. "Mimi nilikuwa hivyo hivyo, daktari. Nilichapwa mpaka nikaacha shule darasa la sita, nikaenda kuchuma miraa."

Sikuwa nimewahi kusikia habari hizo. Tulijua baba hakumaliza shule, lakini tulidhani ni karo. Daktari hakushangaa. Alisema tu, "Asante baba, umenisaidia sana," akaandika.

Sasa msomaji, hebu turudi kwa zile methali. Je, ile ya nyoka imeshinda? Nilitaka kujua, kwa hiyo nikamuuliza mwalimu wetu wa bayolojia, naye akanikopesha kitabu na kunielekeza niliyofaa kusoma. Somo la jenetiki kwa kawaida hulisubiri kidato cha nne, lakini mimi nilikuwa na haraka.

Ukweli ni kwamba urithi una nguvu nyingi katika hali hii. Watafiti katika nchi mbalimbali wamelinganisha mapacha wa yai moja, ambao jeni zao ni sawa, na mapacha wa mayai mawili, ambao wanashirikiana jeni kama ndugu wa kawaida tu. Wakijumlisha matokeo ya tafiti hizo, hukadiria kwamba kama asilimia 74 ya tofauti baina ya watoto katika jambo hili hutokana na urithi. Hicho ni kiwango kinachokaribia kile cha urefu wa mwili. Lakini tahadhari! Hiyo si kusema kwamba asilimia 74 ya utukutu wa mdogo wangu ni wa baba na asilimia 26 iliyobaki ni ya mama aliyemdekeza. Ni hesabu ya tofauti katika kundi kubwa la watu, wala si ya kumgawanya mtoto mmoja vipande.

Tena hakuna jeni moja ya utukutu. Njegere za Mendel zilikuwa za kijani au za manjano kwa jeni moja tu, lakini ubongo si njegere. Mwaka wa 2023 ulichapishwa utafiti uliolinganisha watu zaidi ya 38,000 wenye hali hii na wengine zaidi ya 186,000 wasio nayo, yakapatikana maeneo 27 katika jeni za binadamu yanayohusika. Kila eneo huongeza uwezekano kidogo sana, kama tone katika ndoo. Wengi wetu tunatembea na baadhi ya matone hayo bila kujua. Waliopimwa katika utafiti huo walikuwa wa asili ya Ulaya. Ndiyo maana nilifurahi kusoma kwamba watafiti wa KEMRI na Wellcome Trust kule Kilifi, pamoja na wenzao wa Cape Town, Afrika Kusini, wameanzisha utafiti uitwao NeuroDev unaochunguza jeni za watoto wa Kiafrika wenye matatizo ya ukuaji wa ubongo. Watoto wetu nao wahesabiwe.

Kuna habari nyingine ya hapa nchini iliyonishangaza zaidi. Ukitoka Meru ukapita Isiolo na kufuata ile barabara ndefu ya lami, utafika Marsabit. Huko waishi Waariaal, wafugaji wenye ujamaa na Wasamburu na Warendile. Mwaka wa 2008 Dan Eisenberg na wenzake walichapisha utafiti juu ya wanaume wa jamii hiyo kama 150. Waliangalia jeni iitwayo DRD4, inayohusika na kupokea dopamini ubongoni. Umbo moja la jeni hiyo lilikuwa limehusishwa na utukutu katika tafiti za nchi nyingine. Walipata nini? Miongoni mwa wanaume waliohamahama na mifugo, wenye umbo hilo walikuwa na miili iliyoshiba zaidi kuliko wenzao. Miongoni mwa wale waliokuwa wamehamia makao ya kudumu, wenye umbo lilo hilo walielekea kuwa wembamba zaidi. Watu hao ni wachache na jeni ni moja tu, kwa hivyo tusijenge ghorofa juu ya msingi mdogo. Hata hivyo ulinipa wazo. Huenda tabia inayomsumbua mtu ndani ya darasa la watoto sitini ikamfaa mahali pengine. Nilimwangalia baba akifungua injini huku akiongea na wateja watatu na kusikiliza redio, nikaona kwamba hapo hajapungukiwa na chochote.

Je, ubongo wenyewe una nini? Mwaka wa 2007 Philip Shaw na wenzake wa Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili ya Marekani walitoa matokeo ya kuwapiga watoto picha za ubongo mara kwa mara kadiri walivyokua. Watoto 223 walikuwa na hali hii na 223 hawakuwa nayo. Tabaka la nje la ubongo hunenepa utotoni, hufika kilele, kisha huanza kupungua unene mtoto anapokomaa. Kwa watoto wa kawaida, nusu ya sehemu zilizopimwa zilikuwa zimefika kilele katika umri wa miaka saba na nusu hivi. Kwa wale wenye hali hii, ilikuwa miaka kumi na nusu. Yaani kuchelewa kwa miaka mitatu! Kulikochelewa zaidi ni mbele, nyuma ya paji la uso, penye kazi ya kupanga, kusubiri na kujizuia. Sehemu inayoamrisha misuli ndiyo pekee iliyotangulia kukomaa kidogo. Nilipomsomea baba hayo akacheka, akasema, "Basi ni pikipiki yenye mafuta ya kutosha lakini breki hazijafungwa." Sijapata maelezo bora kuliko hayo. Na fundi hawezi kuzilaumu breki kwa kutofungwa.

Hata hivyo, tofauti hizo huonekana watoto wengi wakijumlishwa pamoja. Picha ya ubongo wa mtoto mmoja haiwezi kukuambia kama anayo hali hii au la, na ndiyo maana daktari wetu alitumia maswali badala ya mashine.

Vipi basi methali ya malezi? Nayo haijafa. Kuzaliwa kabla ya wakati au na uzito mdogo huongeza uwezekano wa hali hii. Madini ya risasi mwilini nayo huharibu umakini wa mtoto, na Wakenya tunakumbuka wakazi wa Owino Uhuru kule Mombasa waliodhurika na risasi ya kiwanda cha kuyeyusha betri. Sukari, ambayo watu wengi huilaumu, haikupatikana na hatia ilipopimwa kwa makini.

Na chakula? Hapa Embu tuna ushahidi wetu wa kujivunia. Kati ya mwaka wa 1998 na 2001, katika shule 12 za msingi za Kyeni, watafiti wakiongozwa na Charlotte Neumann wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, waliwapa watoto wa darasa la kwanza githeri ya saa nne. Kundi moja lilipata githeri yenye nyama, la pili githeri na maziwa, la tatu githeri iliyoongezwa mafuta, na la nne halikupewa chakula shuleni. Baada ya miaka miwili, watoto wa githeri ya nyama walikuwa wameendelea kuliko wengine katika mtihani wa kufikiri kwa picha. Walipochezea uwanjani nao walionekana wachangamfu na wenye kuongoza wenzao. Mama mdogo wetu alisoma Kyeni miaka hiyo na husema watoto wa shule zisizopikiwa walizionea wivu zile zenye sufuria. Utafiti huo haukuwa wa ADHD, na sidai kwamba nyama hutibu utukutu. Lakini ulionyesha kuwa ubongo wa mtoto haukui kwa jeni pekee. Unakula, na unachokula kinaonekana darasani.

Kwa hiyo methali zote mbili zina ukweli, ila sote tulikuwa tukizitumia kutafuta wa kulaumiwa. Mama hakumfanya mdogo wangu awe hivi kwa kumdekeza. Baba hakuchagua jeni alizompa, kama vile hakuchagua zile alizopewa yeye.

Sasa nifike kwenye tiba, ambapo nyumbani tulivutana kweli kweli. Hali hii si ugeni wala si uvumbuzi wa juzi. Mwaka wa 1902 daktari George Still aliwaeleza madaktari wenzake mjini London habari za watoto wasioweza kujizuia ingawa akili zao ni timamu. Mwaka wa 1937 Charles Bradley, katika hospitali ya watoto ya Rhode Island, Marekani, aligundua kwamba dawa ya kuchangamsha iitwayo Benzedrine iliwatuliza baadhi ya watoto wake na kuwafanya wasome. Mwaka wa 1944 mkemia Leandro Panizzon alitengeneza methilifenideti kule Uswisi. Mkewe aliitwa Rita, na dawa ikaitwa Ritalin. Dawa hii huzuia dopamini na noradrenalini zisifyonzwe upesi zikishatolewa baina ya seli za ubongo, hivyo ujumbe hudumu kidogo na breki hupata kushika.

Mama aliposikia kwamba ni dawa ya kuchangamsha alishtuka. "Huyu tena achangamshwe?" Alikuwa na haki ya kuuliza. Dawa hii huweza kupunguza hamu ya kula, kumkosesha mtoto usingizi na kuchelewesha urefu wake kidogo. Ni dawa inayodhibitiwa kimataifa, haiuzwi bila cheti cha daktari. Mwaka wa 2019 na tena mwaka wa 2021 Shirika la Afya Duniani liliombwa kuiweka katika orodha yake ya dawa muhimu, likakataa, kwa kuwa wataalamu wake hawakuridhika na ushahidi uliokuwapo. Upande wa pili, kuna utafiti mkubwa wa Marekani wa watoto 579, uliotangazwa mwaka wa 1999. Kwa miezi 14, dawa iliyosimamiwa kwa makini ilipunguza dalili kuliko mafunzo ya tabia pekee, na dawa pamoja na mafunzo ikasaidia zaidi katika mambo kama uhusiano wa mtoto na wazazi. Lakini walipofuatwa hadi mwaka wa tatu, tofauti baina ya makundi ilikuwa imefifia. Yaani dawa husaidia inapotumiwa, lakini si uchawi wa kumaliza mambo.

Halafu akaja mjomba mmoja na ushauri wake. Ati kama ni kuchangamsha, si mtoto apewe muguka kidogo, bei ni nafuu na unamea nyuma ya nyumba? Msomaji, usicheke, kuna watu wanaofikiri hivyo. Muguka wa Mbeere na miraa ya Igembe zina kathinoni, kemikali iliyo na ujamaa na hizo dawa za kuchangamsha. Ndiyo sababu hasa ya kuogopa! Daktari hupima miligramu, huangalia moyo, uzito na urefu wa mtoto, na akiona madhara husimamisha. Jani halina kipimo, na atafunaye huongeza leo kuliko jana. Najua zao hili ndilo karo ya wengi wetu. Mei 2024 Mombasa na Kilifi zilipoupiga marufuku muguka, kesi ilikimbilia Mahakama Kuu ya Embu, na marufuku yakasimamishwa. Sina ugomvi na mkulima. Lakini vijana wenye hali hii wasiotibiwa wako katika hatari kubwa zaidi ya kuacha shule na kunaswa na vileo. Baba ndiye aliyemjibu mjomba. Alisema, "Mimi nilijitibu hivyo, shemeji. Niangalie kama nilirudi shule." Mjomba akanyamaza.

Jambo la mwisho lilikuwa pesa. Dawa haipatikani kila duka, na pesa zake hutoka katika mfuko ule ule wa chakula changu cha mchana shuleni. Tulikaa mezani sote wanne na baba akapiga hesabu kwa kalamu. Tulikubaliana tuanze na mafunzo ya tabia kwa muhula mmoja, kisha dawa kwa kipimo kidogo ikiwa bado anaumia masomoni. Alikuwa bado anaumia. Sasa ni mwezi wa tatu tangu aanze kuimeza, na mimi hubeba githeri kwa mkebe. Wala silalamiki, githeri ya nyanya ni tamu.

Nikwambie tunayofanya, kwa maana pengine una ndugu kama wangu. Tunamwagiza jambo moja tu kwa wakati mmoja, tukiwa tumemtazama machoni, naye hulirudia kabla ya kuondoka. Kazi ya ziada tunaikata vipande vya dakika kumi, na baina yake anakwenda kumpelekea ng'ombe nyasi au kuteka maji. Akimaliza anasifiwa pale pale, si Jumapili ijayo, kwa sababu breki za kichwa chake hazingoji Jumapili. Kila akifanya vizuri anatia haragwe moja katika kopo, na maharagwe ishirini yanamnunulia saa moja ya kukaa na baba karakana. Shuleni, mwalimu mpya wa darasa amemketisha mbele, mbali na dirisha, na humtuma kufuta ubao ili miguu ipate kazi. Mwalimu huyo ana wanafunzi wengi na hana msaidizi, kwa hiyo namvulia kofia.

Hajapona, na daktari hakuahidi kwamba atapona. Wengine dalili huwapungua wakikua, wengine huingia nazo utu uzima. Wiki iliyopita amepoteza sweta nyingine. Lakini mtihani wa hisabati wa mwisho wa muhula alijibu maswali yote hadi la mwisho kwa mara ya kwanza, na mwalimu hakutaja habari za kuhama shule. Akija nyumbani mama huimba jikoni.

Wenzangu, katika kila shule ya Embu na Meru kuna mtoto anayechapwa kwa jambo asiloliweza. Ukimjua, usimwite kichwa maji. Waambie wazazi wake wamuulize mwalimu mkuu palipo kituo cha tathmini ya elimu, au wampeleke hospitali kubwa ya kaunti iliyo karibu. Kuuliza si ujinga.